Ziara ya Bordeaux kwa Kikundi Kidogo: Jinsi ya Kulipa Bila Pesa Kupotea Njiani



Tuseme mko sita kwenye chama. Kila mwezi mnachanga, mweka hazina anaandika kwenye daftari, na baada ya miaka miwili mmefika pale mlipotaka. Mmoja wenu ana mtoto anayesoma Bordeaux, Ufaransa, na mwaka huu anahitimu. Mmeamua kwenda wote kumshangilia. Na kwa vile mko huko, mmetenga siku moja ya kutembezwa mjini na kwenye mashamba ya zabibu, katika ziara ya kikundi kidogo yenye mwongozaji.

Sasa kazi imemwangukia mweka hazina. Simu iko mkononi, pesa za watu ziko kwenye akaunti, na ukurasa wa malipo umeandikwa kwa euro. Abonyeze au asibonyeze?

Somo letu la leo ni lake. Chama hiki ni cha mfano tu, lakini maswali yake tunayasikia kila siku. Tutafuata safari ya hiyo pesa tangu inapotoka kwenye simu hadi siku ya ziara yenyewe, tuone ni wapi huwa inavuja. Jambo moja tungependa ulishike: bei unayoiona kwenye ukurasa siyo bei yote utakayolipa, mpaka uulize.

Kwanza, unanunua nini?

Bordeaux iko kusini-magharibi mwa Ufaransa, kando ya mto Garonne. Pale mjini mto unapinda kama mwezi mwandamo, ndiyo maana bandari yake ya zamani huitwa Bandari ya Mwezi. Mwaka 2007 UNESCO iliuweka mji huo wa kale kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ukitoka Paris kwa treni ya kasi ni mwendo wa saa mbili na dakika kidogo.

Mji huu ulikua kwa biashara ya mvinyo, au waini kama wengi wetu tunavyoiita. Mwaka 1152 Eleanor, mtawala wa jimbo la Aquitaine, aliolewa na Henry, ambaye miaka miwili baadaye akawa mfalme wa Uingereza. Kwa karibu miaka 300, mpaka 1453, Bordeaux ilikuwa chini ya wafalme wa Uingereza, na meli zilikuwa zikisomba mapipa ya mvinyo kuwapelekea Waingereza. Utajiri uliokuja baadaye, katika karne ya 18, ndio uliojenga majumba ya mawe mnayoyaona kwenye picha: uwanja wa Place de la Bourse, na jumba la maonyesho la Grand Théâtre lililofunguliwa mwaka 1780.

Ziara za huko ziko za aina mbili kuu. Kuna ya kutembea kwa miguu mjini, ya saa mbili tatu hivi. Halafu kuna ya nusu siku au siku nzima kwa gari dogo, inayowatoa mjini hadi mashamba ya Médoc au mji wa Saint-Émilion, ulioko kilomita 40 hivi upande wa mashariki. Kikundi kidogo mara nyingi ni watu 8 au chini, kwa sababu hao ndio wanaoenea kwenye gari moja. Ninyi sita mtachanganywa na wageni wengine wawili, au mtalipia gari lote muwe peke yenu. Ulizeni bei zote mbili. Mkiwa sita, wakati mwingine tofauti siyo kubwa.

Somo la 1: Unamlipa nani?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ikipotea hapa kuirudisha ni kazi.

Mtindo wa matapeli haubadiliki sana. Unaona tangazo mtandaoni, bei iko chini kuliko kwingine kote, na unaambiwa zimebaki nafasi mbili tu. Ukiuliza jinsi ya kulipa, unapewa nambari ya simu ya mtu binafsi, "wakala wetu wa Nairobi". Ukituma, meseji ya kuthibitisha inakuja, na wakala haji tena.

Kabla hujaweka PIN, fanya haya:

- Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Ukilipa kwa nambari ya biashara, jina la biashara linafaa kuonekana. Kama unadhani unalipa kampuni na limetokea jina la mtu, simama hapo hapo.
- Kama ni wakala wa safari aliye Kenya, uliza leseni yake. Mawakala wa safari hapa kwetu husajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na mwenye leseni haoni haya kuionyesha.
- Kama unalipa moja kwa moja kampuni ya Ufaransa, tumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya simu. Usitume kwa jina la mtu.
- Uliza kuhusu mwongozaji. Ufaransa ina kadi ya taaluma iitwayo carte de guide-conférencier, ya watu waliofuzu kuongoza wageni ndani ya makumbusho na majengo ya kihistoria. Kampuni iliyo sawa itakujibu bila kuzungukazunguka.

Kwa nini tunasisitiza kadi? Kwa sababu malipo ya kadi yana njia ya kupinga. Ukilipia huduma na usiipate, unaweza kupeleka lalamiko kwa aliyekupa kadi, pamoja na risiti na mawasiliano yenu, naye akafuatilia upande wa pili. Usikawie, maana kuna siku za mwisho za kulalamika. Pesa uliyomtumia mtu binafsi, naye akaitoa, haina njia nyepesi kama hiyo.

Somo la 2: Hiyo bei imebeba nini?

Ukurasa unasema euro 90 kwa mtu. Sawa. Lakini ndani ya hizo 90 kuna nini? Andika maswali haya uyatume kwa barua pepe, ili majibu nayo yabaki kwa maandishi:

1. Mtaonja mvinyo wa aina ngapi, na katika mashamba mangapi?
2. Chakula cha mchana kimo, au kila mtu atajinunulia?
3. Tiketi za kuingilia zimo? Neno "kutembelea" lina hila. Pale Saint-Émilion kuna kanisa lililochongwa ndani ya mwamba mmoja, na huwezi kuingia bila ziara maalumu yenye mwongozaji. Ziara nyingine hupita nje tu, mkapiga picha, mkaendelea.
4. Jumba la Cité du Vin limo? Jumba hili la historia ya mvinyo lilifunguliwa mwaka 2016, na tiketi yake ya kawaida huwa pamoja na glasi moja ya kuonja juu ghorofani. Kama limo kwenye ziara, msilinunulie tiketi tena.
5. Mtachukuliwa hotelini, au mtajipeleka mahali pa kukutania?
6. Kuna idadi ya chini ya watu? Watu wasipotimia, ziara itafutwa? Pesa itarudi yote?
7. Lugha ni ipi? Ziara ya Kifaransa huwa nzuri kwa anayejua Kifaransa.

Majibu haya ndiyo yanayokuonyesha nani ana bei nafuu. Ziara ya euro 90 yenye chakula na tiketi inaweza kuwa rahisi kuliko ya euro 65 ambayo kila mlango mnalipa upya.

Somo la 3: Euro au shilingi?

Tufanye hesabu pamoja. Viwango hubadilika kila siku, kwa hivyo nambari hizi ni za mfano tu. Tuchukulie euro 1 ni shilingi 150.

Ziara: euro 90 × watu 6 = euro 540.
Kwa shilingi: 540 × 150 = 81,000.

Lakini kadi ikibadilisha pesa kuna makato. Tuchukulie ni asilimia 3. Hiyo ni shilingi 2,430, na jumla inafika 83,430. Mweka hazina aliyetenga 81,000 kamili ataona malipo yamekataliwa, aanze kudhani mtandao una shida. Kumbe ni salio.

Sasa kuna mtego mwingine, na huu huwapata hata wasafiri wazoefu. Ukilipa kwa kadi ya Kenya dukani, hotelini au kwenye ukurasa wa nje, mashine inaweza kukuuliza kwa upole: ungependa kulipa kwa euro, au kwa shilingi za Kenya? Shilingi unazijua, kwa hivyo kidole kinaenda huko chenyewe. Chunga. Ukichagua shilingi, anayebadilisha pesa ni yule wa mashine, kwa kiwango chake, ambacho kwa kawaida ni cha juu. Tuchukulie ameongeza asilimia 8. Zile 81,000 zinakuwa 87,480. Mmepoteza shilingi 4,050 zaidi kwa kubonyeza tu kitufe kisichofaa.

Kanuni ni fupi: ukiwa Ufaransa, lipa kwa euro. Na kama mhudumu amekuchagulia shilingi bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya kabla hujathibitisha.

Angalia pia kikomo cha akaunti yako. Kuna kiwango cha juu cha muamala mmoja na cha siku nzima. Kama malipo ni makubwa, panga siku mbili, au omba kampuni ikugawie malipo: amana sasa, salio baadaye.

Somo la 4: Viza kwanza, malipo ya moja kwa moja baadaye

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen ili kuingia Ufaransa. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa viza hairudishwi. Unahitaji pia bima ya safari inayogharamia matibabu hadi angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Msingoje hizo siku 15. Ombeni mapema.

Hii inahusianaje na ziara? Inahusiana sana. Mkilipia ziara isiyorudishwa pesa, halafu mmoja wenu anyimwe viza, euro zake 90 zimekwenda, na lawama zitamfuata mweka hazina. Kwa hivyo:

- Chagua ziara inayokubali kufutwa bure hadi siku au saa fulani kabla. Soma hiyo saa vizuri.
- Kumbuka tiketi zao hutumia saa za Ulaya. Ikiandikwa 14h00 ni saa nane mchana. Ikiandikwa 9h00 ni saa tatu asubuhi, siyo saa tisa. Aliyechelewa mahali pa kukutania huhesabiwa kuwa hakuja, na wa hivyo mara nyingi harudishiwi kitu.
- Usifute ile kadi ya mtandaoni uliyolipia. Pesa ikirudishwa, hurudi kwenye kadi ile ile. Ukiwa umeshaifunga, utaanza kutafutana nasi, na nayo huchukua muda.
- Jua kwamba pesa ikirudi hubadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo. Unaweza kupata shilingi pungufu au zaidi kidogo kuliko ulizotoa. Waambie wanachama mapema ili asitiliwe mtu shaka.

Somo la 5: Simu yako ikifika Ufaransa

Malipo mengi ya kadi mtandaoni hukutaka uthibitishe kwa nambari inayotumwa kwa meseji. Meseji hiyo inakuja kwenye laini yako ya Kenya. Kama umeitoa laini ukaweka ya huko, nambari haitafika, na utakwama mbele ya ukurasa wa malipo.

Kwa hivyo, kabla ya kuondoka nyumbani, uliza mtandao wako jinsi ya kuwezesha laini nje ya nchi na gharama zake. Iache laini ya Kenya ndani ya simu kwa ajili ya meseji, lakini zima data yake. Intaneti tumia ya laini ya huko au ya hotelini. Hata hivyo, mambo ya pesa usiyafanye kwenye Wi-Fi ya bure ya mkahawani.

Mweka hazina asiwe peke yake mwenye taarifa. Simu inaweza kuanguka mtoni au kuibiwa kwenye tramu. Mwanachama wa pili awe na nakala za vocha na nambari za kuhifadhi nafasi. PIN, hapana. PIN ni ya mtu mmoja, hata kwenye chama cha marafiki wa miaka ishirini.

Beba pia kiasi kidogo cha euro taslimu. Na ulizia hoteli mapema kama inakubali kadi ya mtandaoni, maana baadhi hutaka kadi ya kushika mkononi ili kuzuia kiasi fulani cha dhamana.

Siku yenyewe

Mmefika. Asubuhi mnaweza kuanzia Place de la Bourse, mbele yake pakiwa na Kioo cha Maji: sakafu pana ya mawe yenye maji ya sentimita 2 tu, na majengo yote yanaonekana ndani yake yakiwa kichwa chini. Kilijengwa mwaka 2006. Kukitazama ni bure, na watoto huchezea humo.

Kando ya mto huo huo, mwombe mwongozaji awapeleke kwenye sanamu ya Modeste Testas. Utajiri wa karne ya 18 haukutoka kwenye zabibu peke yake. Meli za Bordeaux zilisafirisha Waafrika zaidi ya 120,000 kuwapeleka utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Modeste alikuwa msichana wa Afrika Mashariki, na simulizi humtaja kuwa wa Ethiopia. Alinunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux, akapelekwa kwenye kisiwa ambacho leo kina Haiti. Baadaye aliachwa huru, na mjukuu wake akawa rais wa Haiti. Sanamu yake ilizinduliwa Mei 2019. Ziara nyingine huiruka. Kwa sisi tunaotoka upande huu wa Afrika, ni vizuri kusimama hapo hata dakika tano. Anayetaka kujua zaidi, makumbusho ya Musée d'Aquitaine yana vyumba vinavyoeleza biashara hiyo.

Mchana mnaelekea mashambani. Mtasikia sana habari za daraja za mwaka 1855. Mwaka huo palikuwa na maonyesho makubwa Paris, na mawakala wa mvinyo wa Bordeaux wakaombwa wapange mvinyo bora kwa daraja. Kwa mvinyo mwekundu waliweka daraja tano. Mizani yao ilikuwa nini? Zaidi ni bei ya sokoni na jina la shamba. Orodha hiyo haijabadilika sana hadi leo. Kwa hivyo chupa ikiwa ghali, jueni mnalipia pia jina la zamani. Onjeni kwanza, mnunue mlichokipenda.

Mambo matatu ya kuonja bila aibu. Kutema ni kawaida, kuna ndoo maalumu. Kuonja hakukulazimishi kununua. Na asiyekunywa pombe aulizie mapema kama kuna juisi ya zabibu au bei pungufu.

Kuhusu bahshishi, huduma huwa tayari kwenye bei ya mkahawa nchini Ufaransa, kwa hivyo hakuna anayewadai. Mwongozaji aliyewafurahisha mnaweza kumpa euro chache kwa hiari. Na chupa mtakazonunua zitaingia kwenye mzigo mkubwa, siyo mkoba wa ndani ya ndege, kwa sababu ya masharti ya vimiminika.

Daftari la mweka hazina

Tumalizie tulipoanzia, kwa yule mwenye simu mkononi. Kabla ya kubonyeza, pitia haya kwa sauti mbele ya wenzako:

- Jina la anayelipwa tumelisoma na tunalijua.
- Tuna orodha ya maandishi ya vitu vilivyomo kwenye bei.
- Tumechagua euro.
- Salio linatosha pamoja na makato.
- Tunajua siku na saa ya mwisho ya kufuta.
- Viza ziko njiani, na ziara inakubali kufutwa.
- Laini ya Kenya itapokea meseji huko.
- Risiti imetumwa kwa wanachama wote siku hiyo hiyo.

Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalolinda urafiki. Pesa ya chama si ya anayeishika. Kila mtu akiona risiti, euro ngapi, shilingi ngapi, makato kiasi gani, hakuna atakayenong'ona mkiwa kwenye gari kati ya mizabibu.

Kumbuka: hatutakupigia wala kukutumia meseji kukuuliza PIN yako au nambari ya uthibitisho, uwe Kenya au Ufaransa. Anayeuliza, kata simu, kisha utujulishe kupitia programu yetu.

Safari njema, na mpelekeeni mhitimu hongera zetu.